Usininunulie Mimi Mashua

Rukia mwanangu,

Salamu sikupi. Za nini, wakati nakusikia hapo chumba cha pili unabishana na mama yako juu ya blanketi? Yeye anasema hata pwani kuna baridi, wewe unasema pwani mtu hulala dirisha wazi, na mimi nimekaa kimya, jambo ambalo peke yake lingetosha kukushtua. Niko stoo. Nimekalia gunia la viazi, karatasi nimeiweka juu ya kreti, na jua bado limebaki kidogo hapa Kwai. Mama yako ameshakuusia ya chakula, ya dawa, ya kupiga simu na ya kutolala na nywele mbichi. Huko sina la kuongeza. Nimeingia humu kwa jambo moja.

Asubuhi, ulipokuwa unakoroga uji, mimi nilikuwa nyuma ya jiko nafunga mbuzi. Nikakusikia unamwambia mama yako, "Mama, nachukua ile kubwa tu."

Akakuuliza, "Si ulisema ile ndogo ndiyo inayokufaa?"

Ukakoroga uji kwanza. Halafu ukasema, "Ndiyo. Lakini baba ameshawaambia watu."

Mbuzi alivuta kamba, nikamwachia.

Keshokutwa utasimama mchangani mbele ya vyombo viwili. Kimoja ni ile mashua ya rangi ya kijani, pana, yenye mlingoti wa kutisha. Kingine ni ile ngalawa, gogo lililochongwa, ina mbawa zake mbili za mbao kushoto na kulia, na tanga lenye viraka. Utachagua kimoja, na hicho ndicho kitakachokubeba kwenda kwenye shamba lako la mwani huko pwani na kukurudisha, kila siku ya Mungu. Na sasa naona huchagui wewe. Unachaguliwa na mdomo wangu. Mdomo wangu unaufahamu kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana naandika. Mkono wangu uliacha shule darasa la tano, mdomo wangu haujaacha shule mpaka leo, lakini mkono una faida moja: unakwenda polepole, mtu anapata nafasi ya kufikiri.

Kosa lilianzia kwenye zile picha. Ulinitumia picha mbili ukaniandikia, "Baba, nashauriana na wewe." Nilifurahi mpaka nikasahau kula. Msomi wa chuo, aliyejifunza mambo ya samaki na mwani, anashauriana na mimi. Nikasoma yote uliyoandika. Ngalawa inatosha wewe na mwenzako Mwanaisha, na mwani wenu mbichi. Inafika kwenye kamba mlizofungia mwani hata maji yakiwa ya magotini. Mnaweza kuisukuma wawili. Mashua ni nzuri, inabeba mzigo mkubwa, lakini inataka watu na inataka kina. Umeeleza vizuri mno, hata mimi nilielewa.

Halafu nikaenda sokoni Lukozi na picha ya mashua peke yake.

Mjomba wako Hoza ndiye aliyeshika simu kwanza. Akaivuta picha kwa vidole mpaka ikawa kubwa.

"Ya nani hii, shemeji?"

"Ya Rukia."

"Ameshanunua?"

"Anakwenda kuichukua," nikasema, kama mtu anayekwenda kuchukua debe kwa jirani.

"Na hii nguzo?"

"Mlingoti huo."

"Mbona mrefu kuliko mnara wa simu?"

"Huo wa kawaida, Hoza. Hujaona milingoti wewe. Tatizo lako hujatembea."

Mama muuza chai akataka kujua kama itapakia ng'ombe. Nikamwambia itapakia ng'ombe, mwenye ng'ombe, na zizi lake. Watu wakacheka, na ukijua ninavyopenda watu wacheke, utajua kwamba hapo sikuwa na breki tena. Nikaongeza mabaharia. Nikaongeza safari za Unguja. Jioni nateremka kurudi nyumbani, kijana wa bodaboda akasimama kuniamkia, "Shikamoo, mwenye meli." Nikaitikia marahaba. Maneno yote ya mchana ungeweza kuyaita utani, lakini ile marahaba haikuwa utani. Niliipokea.

Sasa nikuambie ya mashua yangu. Unaijua, umekua nayo. Lakini umeijua kwa jinsi ninavyoisimulia kwa wageni: kwamba niliwahi kumiliki chombo Tanga, kwamba mimi na bahari tulipigana mieleka tukatoka sare, kwamba niliachana nayo kwa hiari kwa sababu mama yako alikuwa mzuri kuliko samaki. Ya mama yako ni kweli. Hayo mengine keti nikusimulie upya.

Nilikuwa kijana, kabichi za Kwai zilikuwa zimekubali kuliko mwaka wowote, na mtu mmoja alinipa habari kuwa ng'ambo kule Pemba kabichi ya milimani inagombewa. Nikawaza: wenzangu wote wanauza kwa mwenye lori pale barabarani, wanapunjwa. Mimi nitakuwa na lori la majini. Nikateremka pwani kununua, nikanunua kama anavyonunua mtu wa mlimani. Mbao nazijua, babu yako alikuwa mpasuaji. Nikaizunguka ile mashua nikiigonga kwa kifundo cha kidole, nikainusa, nikachomeka kisu kwenye maungio. Mbao ilikuwa safi. Hata leo naapa, hapakuwa na mbao kama ile pwani nzima. Nikachagua kubwa kuliko zote zilizokuwa zinauzwa, kwa sababu nilijiambia bahari ni kubwa, na kitu kikubwa hukiendei na kitu kidogo.

Mwenye kuuza akaniuliza, "Unakwenda nayo wapi?"

Nikamjibu, "Popote."

Akanitazama, akacheka kidogo, akapokea chake. Nilidhani amenicheka kwa wivu. Miaka ilipita ndipo nikajua lile swali lilikuwa zuri kuliko mbao zote nilizogonga. Anayeulizwa chombo chake kinakwenda wapi akajibu "popote" hajui anataka nini, ila anataka aonekane. Wewe ungeulizwa, ungesema: hapo nyuma ya fungu la mchanga, kwenye kamba zangu, kwenda na kurudi. Jibu fupi kama hilo mimi sikuwa nalo, nikalipia ukubwa nisiokuwa na kazi nao.

Nikaajiri nahodha, Mbaruku, mtu mwembamba mwenye maneno ya polepole, na mabaharia wake. Kabichi zikateremka mlimani kwa lori mpaka ufukweni. Mbaruku akasema mashua itie nanga kule nje penye kina, na kabichi zipelekwe kwa mitumbwi midogo. Mimi nikaona upuuzi. Kwetu gari linaletwa mlangoni. Siku hiyo maji yalikuwa yamejaa sana, yamefika mpaka chini ya mikoko, nikasema, "Ileteni hapa hapa, nipakie bila kulowa miguu."

Mbaruku akasema, "Tajiri, hapa si mahali pa mashua."

"Maji si haya hapa?"

"Haya ni ya sasa."

"Na mimi nataka kupakia sasa."

Akainamisha kichwa kwa heshima, mashua ikaletwa. Tukapakia. Upepo ukawa haufai, mabaharia wawili wakawa wamekwenda harusini, tukasema tutaondoka kesho. Nikalala kwenye kibanda hapo hapo ufukweni, nikiwa na furaha kama bwana harusi.

Asubuhi nikatoka nje. Rukia, bahari haikuwepo.

Sikuzidishii. Nilipoacha maji palikuwa na matope, yanang'aa, yanakwenda mpaka mbali, na maji yenyewe yalikuwa kama utepe mwembamba kule mwisho wa macho. Mashua yangu ilikuwa imelala ubavu kama ng'ombe mgonjwa, na kabichi zimemwagika kwenye tope, na kaa wanapita juu yake wakizikagua. Sasa wewe mtoto wa Kwai unajua huku kwetu maji yakikatika maana yake ni nini. Maji hayaondoki yenyewe. Kuna mtu huko juu amefunga mfereji kabla ya zamu yako kwisha. Kichwani mwangu hapakuwa na maelezo mengine. Nikasimama mbele ya kijiji kizima cha wavuvi, shuka kiunoni, nikapiga kelele, "Nani amefunga maji? Leo zamu ya nani?"

Mbaruku alikaa chini. Hakuketi, alianguka akaketi. Mabaharia wakashikana mabega. Mama mmoja aliyekuwa akiokota chaza alikuja karibu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, nyumbani kwenu wapi?" Nikamwambia Lushoto. Akasema, "Ah," akarudi kwenye chaza zake. Ile "ah" bado ninayo.

Nikamwuliza Mbaruku kwa hasira, "Bahari imekwenda wapi?"

"Imepwa, tajiri. Itarudi."

"Inakwenda wapi ikipwa?"

Akafikiri. "Hilo hata sisi hatujawahi kuliuliza," akasema.

Ikarudi kweli, mchana. Nikaiona kwa macho yangu ikija, haina kelele, haina haraka, inapita katikati ya mizizi ya mikoko kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Nilipata baridi mwilini juani. Huku kwetu kitu kikubwa hakitembei. Mlima ukiuacha jioni unaukuta asubuhi. Kuona kitu kikubwa kuliko milima yetu yote kinanyanyuka na kuondoka, halafu kinarudi kwa wakati wake bila mtu kukiita, nilitamani kumwambia mtu shikamoo na sikujua nimwambie nani.

Lakini haikufika nilipoiweka mashua. Ndiyo ile habari ya bamvua, wewe unaijua vizuri kuliko mimi: nilikuwa nimeipandisha siku ambayo maji yamejaa kupita kawaida, na kila siku iliyofuata yakawa yanafika chini zaidi. Mbaruku akasema tungoje mwezi mwingine ukomae. Kijiji kikaja kusukuma, haikutikisika. Chombo kikubwa hakisukumwi na wewe na rafiki yako, kinasukumwa na rehema za watu, na rehema za watu zina shughuli nyingine. Kabichi zikaanza kunuka. Nina hakika kule mpaka leo ile mashua inaitwa Kabichi, hata kama ilishaoza.

Sasa hapa ndipo ninapofika kwenye lile ninalotaka ulisikie. Mengine yote unaweza kuwasimulia watu wakacheka, nakuruhusu.

Siku zile za kungoja, Mbaruku alichoka kuniona nimekaa mbele ya mashua kama mtu anayelinda maiti. Akaniambia, "Njoo twende tukaangalie madema, mitego yangu ya samaki." Alikuwa na ngalawa yake ndogo, ya gogo la mwembe, mbovu kwa macho yangu mimi mwenye mbao safi. Nilicheka. Nikamwuliza kama hiyo ni chombo au ni kiatu. Akasema, "Ingia kwanza." Tukaisukuma wawili tu, hatua chache, ikaelea. Akapandisha tanga peke yake huku anazungumza nami, kama mwanamke anavyobandika sufuria. Na tukaondoka. Rukia, hatukungoja mtu, wala mwezi.

Tukavuka fungu la mchanga kwenye maji ya magotini, mahali ambapo mashua yangu isingeota kufika. Halafu chini kukafunguka. Maji yalikuwa safi mpaka nikashika ubao kwa mikono yote miwili. Unajua pale Irente, mtu anaposimama ukingoni mwa jabali akatazama chini tambarare, akarudi nyuma hatua moja? Basi nilikuwa nimeketi katikati ya ile hewa. Chini yangu kulikuwa na bonde zima, lina vilima vyake, lina majani yanainama upande mmoja na kuinuka kama ngano inapopigwa na upepo, na samaki wanapita kwa makundi kama ndege wanavyokatiza bonde jioni. Na kile kigogo cha mwembe kinapita juu ya yote hayo bila kelele. Nikajua sasa ndege anaona nini.

Mbaruku akasema, "Tajiri, umekufa?"

"Nipo."

"Mbona husemi?"

Nikaendelea kutazama chini. Akanipa kamba ya tanga. "Shika hii, usiifunge, ishike tu." Nikaishika. Upepo ukavuta, kama ndama anavyovuta anapomwona mama yake, ukatulia, ukavuta tena. Ukivuta, chombo chote kinainua bega. Ukilegeza kidogo, kinashusha. Ulikuwa upepo wa nchi nzima, unatoka sijui wapi, na mwisho wake uko mkononi mwangu. Kwenye mashua yangu mwenyewe sikuwahi kuguswa na kitu kama kile. Mashua yangu ilikuwa na watu wa kamba, mtu wa usukani na mtu wa kuchota maji, na mimi nilikuwa mwenye mali, nimekaa juu ya kabichi. Hata kuondoka ilikuwa lazima niombe. Mtu gani anamiliki kitu asichoweza kukitoa mchangani bila kubembeleza harusi iishe?

Mwezi ulipokomaa mashua ikaelea. Nikaiuza siku ile ile, kwa hasara ambayo mama yako haijui na hana haja ya kuijua leo. Nikapanda milima na mdomo wangu. Na hapa ndipo penye uongo wenyewe. Hadithi zote nilizokupa ulipokuwa mdogo, umelala mgongoni mwangu tukitoka shamba, zile za samaki wanaopita chini kama ndege, za msitu ulio ndani ya maji, za upepo unaofungwa kamba, ulizonilazimisha kurudia mpaka nikapoteza sauti, zote nilisema niliziona kutoka kwenye mashua yangu kubwa. Si kweli. Hakuna hata moja iliyotoka kwenye mashua. Mashua ilinipa matope na kaa. Zote ni za kigogo cha Mbaruku. Nilibadilisha chombo tu, kwa sababu nani anajisifia ngalawa?

Na wewe ukazifuata hadithi hizo mpaka chuoni, mpaka pwani, mpaka kwenye mwani. Sasa unataka kununua kile chombo nilichokidanganyia. Unaelewa kwa nini sikuweza kumaliza uji.

Mimi sikufundishi vyombo. Ile miezi uliyokaa kule kujifunza, umejua zaidi ya nilivyojua mimi na mashua yangu na mdomo wangu. Naweza kukushauri mbao tu. Ngalawa usiigonge pale juu panapopakwa rangi, kila muuzaji hupaka rangi juu. Iombe igeuzwe uitazame tumboni, pale inapoburutwa mchangani. Na zile mbawa zake, tazama kamba zinazozifunga kabla ya kutazama ubao, kwa maana ubao ukioza hukwambia mapema, lakini kamba huwa nzima mpaka siku inapokatika. Tanga likiwa na viraka usilidharau. Kiraka maana yake kuna aliyelipenda. Basi, elimu yangu imeishia hapo.

La zaidi ya hapo ni la moyoni. Fikiria siku moja ya kawaida kabisa, siku isiyo na mgeni wala picha. Mwanaisha ana mtoto mgonjwa, hakuja. Maji yanapwa mapema, mwani uko kwenye kamba unakungoja, na ufukweni hakuna mtu ila wewe na mbwa. Chombo kitakachokubali kutoka na wewe siku hiyo, hicho ndicho chako. Kitakachokwambia nenda katafute wanaume watano, hicho ni cha wale wanaume watano, hata kama jina lililoandikwa ubavuni ni lako. Na ukija kukua, ukawa na mzigo wa kujaza mashua na watu wa kuiendesha, mashua hazitaisha pwani. Anayeanza na ndogo huijua bahari kwa mikono yake. Mimi niliyeanza na kubwa niliijua kwa kusimuliwa.

Kuna ile video uliyonitumia. Najua umesahau, vijana mnatuma na kusahau. Mwanaisha alikuwa ameshika simu, na wewe uko nyuma kwenye ngalawa ya kuazima, kasia la usukani liko chini ya kwapa, kamba ya tanga mkononi. Chombo kimeinama upande, mbawa moja inachora maji, na wewe unatazama juu kwenye tanga, hututazami sisi. Unacheka kidogo na kitu ambacho mimi sikioni. Nimeitazama hiyo video mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Mtoto aliyezaliwa kwenye ukungu, aliyekuwa analia akiona dimbwi la mfereji, anaushika upepo kama mtu anavyomshika mkono mwenzake. Hofu iliyonipata siku ile mbele ya bahari ikirudi ilinipata tena hapa kwangu, juu ya mwanangu wa kumzaa. Nilikutazama nikasema: huyu ametoka wapi?

Na hiyo sikumwonyesha mtu. Niliwaonyesha mashua ya mtu mwingine.

Kwa hiyo leo mchana, ulipoona nimevaa koti ukauliza nakwenda wapi nami nikakujibu kwa ukali nakwenda kutafuta dawa ya viazi, nilikwenda Lukozi. Walikuwepo wote. Hoza akaanza kabla sijaketi, "Mwenye meli amekuja. Meli imefika wapi?"

Nikasema, "Hakuna meli. Rukia ananunua ngalawa."

"Ngalawa ndiyo nini?"

"Gogo lililochongwa. Dogo. Unaweza kulitia kwenye stoo yangu, mkia utatoka nje."

Walicheka, Rukia. Walicheka kama ninavyostahili, na mimi ndiye niliyewafundisha kucheka. Mama muuza chai akauliza lile zizi la ng'ombe litakaa wapi sasa. Mmoja akasema nyumba ya Baba Rukia hata uongo umepungua, hali ni ngumu. Nikawaacha wamalize. Sijawahi kuwaacha watu wamalize kunicheka, nikaona si kitu kibaya sana, kinapita kama mvua ya mchana. Halafu nikatoa simu, nikamshikisha Hoza ile video.

Aliitazama mara moja. Akaianzisha tena. Wenzake wakainama juu ya bega lake, na yule mama akaacha birika.

"Huyu ni Rukia?" Hoza akauliza.

"Ni Rukia."

"Na anayeendesha ni nani?"

"Unamwona mtu mwingine humo?"

Akaitazama tena. Unamjua mjomba wako, hajawahi kukosa neno tangu azaliwe. Akanirudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha msikitini. Akasema taratibu, "Shemeji, kwa nini ulikuwa unatuonyesha lile boti?"

Nikalipa chai, nikarudi.

Basi njia imesafishwa. Lukozi hakuna anayekungoja na mashua, na kijana wa bodaboda ameniamkia jioni hii kwa jina langu la kawaida. Keshokutwa simama mchangani uvitazame vyote viwili kwa macho yako. Ukiiona ile kubwa ukaitaka wewe, kwa kazi yako, ichukue, na nitaisifu mpaka waombe dua ninyamaze. Lakini mimi usininunulie mashua. Mimi nilishakuwa nayo.

Blanketi lichukue. Mama yako hatalala usipolichukua, na kule unaweza kulikunja likawa la kukalia.

Na mwani wa kwanza ukishauvuna, nitateremka. Nitavua viatu, nitakunja suruali, nitasukuma pamoja na wewe. Halafu uniambie nikae wapi humo ndani, na hapo ndipo nitakapokaa.

Baba yako, niliye hapa stoo.